Jinsi ya kukusanya karata za zamani zisizo za kawaida, na bado zikachezeka

Wengi wanaoanza kukusanya karata za zamani huvutwa na migongo yake: meli, farasi, mwigizaji wa sinema, nembo ya shirika la ndege. Si vibaya, lakini mgongo ukishautazama umekwisha. Mwongozo huu ni wa anayetaka pakiti ambazo muundo wake wenyewe ni mgeni: zenye aina tano badala ya nne, zenye ndege pahali pa jokeri, zenye herufi, zenye miezi ya mwaka. Tena pakiti hizo ziwe na uwezo wa kubeba michezo mingi. Nakusanya kwa kanuni moja: pakiti isiyoweza kuchangwa na kugawiwa mezani jioni ya leo, hata iwe na miaka mia, siinunui.

Hatua ya 1: Jifunze kuisoma pakiti

Chukua karata zako za kawaida uzitandaze kwa aina: kopa, uru, shupaza na pau, kuanzia ree hadi mfalme. Kumi na tatu mara nne, 52, na jokeri pembeni. Sasa jizoeze kujiuliza maswali matatu, na uyaulize kwa kila pakiti utakayokutana nayo maishani. Ina aina ngapi? Kila aina ina karata ngapi? Zipo ngapi ambazo hazina aina? Majibu yaandike kwa ufupi. Pakiti ya kawaida ni 4×13, na jokeri juu yake. Ukizoea kuandika hivi, pakiti ya ajabu kabisa kutoka Japani au Austria haitakutisha, maana utaona papo hapo inafanana na nini na inaweza kugeuzwa kuwa nini.

Watu wa pwani tuna silaha nyingine, nayo ni hesabu ya pointi tuliyorithi pamoja na karata za Wareno. Ree 11, seba (karata ya saba) 10, mfalme (yaani mzungu wa nne) 4, ghulamu (mzungu wa tatu) 3, malkia (mzungu wa pili) 2. Kila aina inatoa 30, pakiti nzima 120, na mwenye 61 kashinda. Ureno wanahesabu hivyohivyo hadi leo katika michezo ya Bisca na Sueca. Italia wana Briscola na Hispania wana Brisca, na huko nako jumla ni 120, ila kumi wanaipa tatu badala ya seba. Kwa hiyo mtu aliyekua akicheza karata barazani Tanga au Lamu anaingia katika karata za kusini mwa Ulaya akiwa tayari anajua nusu ya kazi. Nimeona watu wakiogopa karata za Kihispania bure.

Hatua ya 2: Chagua pakiti chache za kuanzia

Usinunue kila kitu kinachoitwa cha zamani. Hizi hapa chini ndizo ninazompendekezea anayeanza, kwa sababu zinapatikana, nyingi si ghali, na kila moja inafungua michezo kadhaa.

*Karata za Kihispania.* Muundo wake ni 4×10 au 4×12. Aina zake ni vikombe, sarafu, panga na marungu. Vikombe vishike kama kopa, sarafu kama uru, panga kama shupaza, marungu kama pau. Hakuna malkia: picha ni kijana (10), mpanda farasi (11) na mfalme (12). Ukitaka kucheza mchezo wa 61 wa kwetu, chukua pakiti ya 40, mpe mfalme 4, mpanda farasi 3, kijana 2, na seba yako ibaki na kumi zake. Jumla inatoka 120 bila kubadili chochote.

Tazama pia mstari wa pambizo unaoizunguka picha. Kwenye sarafu mstari haukatiki, kwenye vikombe umekatika mara moja, kwenye panga mara mbili, kwenye marungu mara tatu. Mchezaji anajua aina ya karata kwa kuchungulia ukingo tu, bila kuifungua mkononi. Mtengenezaji anayepatikana kwa urahisi ni Heraclio Fournier wa mji wa Vitoria, aliyeanza kazi hapo karne ya 19. Mji huohuo leo una makumbusho makubwa ya karata yenye jina la Fournier.

*Rook.* Hii ndiyo ningeinunua kwanza kama ningeruhusiwa moja tu. Parker Brothers wa Marekani waliitoa mwaka 1906 kwa ajili ya familia za Kikristo zilizoziona karata za wafalme na malkia kuwa ni chombo cha kamari na ramli. Haina picha za watu hata moja. Ina rangi nne, nyeusi, nyekundu, kijani na njano, kila moja ikienda 1 hadi 14, na karata moja yenye ndege wa jamii ya kunguru. Andika 4×14+1, jumla 57.

Nyumba nyingi za kwetu, za Waislamu na za Wakristo, zina mzee asiyetaka kuona karata sebuleni kwa sababu hiyohiyo. Rook ilitengenezwa kwa ajili ya mzee huyo. Na uwezo wake ni mkubwa: toa kumi na nne zote, ita 1 ree, 11 ghulamu, 12 malkia, 13 mfalme, na ndege awe jokeri. Tayari una pakiti ya kawaida kamili, na kila mchezo unaoujua unachezeka. Ukirudi kwenye mchezo wake wenyewe, ambao watu hunadi kwanza kisha mshindi wa mnada akachagua turufu, tano hubeba pointi 5, kumi na kumi na nne hubeba 10 kila moja, na ndege 20. Jumlisha: 120 tena. Mzoefu wa 61 hahitaji kufundishwa kuhesabu.

*Pakiti ya 500.* Kampuni ya United States Playing Card ilisajili mchezo wa 500 mwaka 1904, na kwa ajili yake ikachapa pakiti ya karata 63. Ni zile 52 za kawaida, zimeongezewa 11 na 12 za aina zote nne, kisha 13 za kopa na uru tu, na jokeri. Ukiishika mara ya kwanza, karata yenye alama kumi na tatu za kopa zilizojipanga kifuani inakushangaza. Sababu yake ni hesabu tupu: wachezaji sita, karata kumi kila mmoja, tatu zinabaki katikati. Ukiwa na wageni wanne, toa zile za ziada na una pakiti ya kawaida. Mchezo wenyewe bado una wapenzi wengi Australia, kwa hiyo kama una ndugu Sydney au Melbourne, mwombe aangalie madukani, hata pakiti mpya zinauzwa.

*Taroti ya kuchezea.* Wengi wanaijua taroti kwa ramli, lakini ilianza Italia katika karne ya 15 kama mchezo, na Wafaransa wanaicheza hadi leo. Muundo ni 4×14+22. Kila aina ina picha nne, maana kati ya malkia na ghulamu yupo mpanda farasi. Zile 22 ni turufu 21 zenye namba na moja ya udhuru, ambayo mwenye nayo huitoa akitaka kukwepa kufuata aina. Tafuta iliyochapwa kwa kopa, uru, shupaza na pau, kama za Grimaud wa Ufaransa, siyo zile za waganga. Ondoa turufu zote na wapanda farasi wanne, zinabaki 52. Piatnik wa Vienna, kiwanda kilichoanza mwaka 1824, wanachapa ndugu yake mwenye karata 54 anayeitwa Tarock. Kwenye turufu yake ya pili utakuta tai na maneno ya Kijerumani Industrie und Glück, yaani bidii na bahati. Michoro ya turufu zake, watu wa mashambani wakicheza ngoma na kuchumbiana, ni kati ya kazi nzuri kabisa zilizowahi kuwekwa kwenye karata.

*Aina tano.* Mwaka 1937 huko Vienna kulibuniwa mchezo wa bridge wa aina tano, na mwaka uliofuata wachapaji wa Uingereza na Marekani wakakimbilia sokoni. Waingereza waliongeza taji, Wamarekani wakaongeza tai. Ni 5×13, yaani 65: wachezaji wanne wanapata 16 kila mmoja, moja inabaki. Mtindo ulipita haraka sana, ndiyo maana pakiti hizi zipo kwa kiasi, na mara nyingi zinakutwa karibu mpya, hazikuchezwa. Mimi nazipenda kwa michezo ya kukusanya mifuatano, maana aina ya tano inawaongezea nafasi wachezaji watano au sita pasipo kuunganisha pakiti mbili.

*Lexicon.* Waddingtons wa Leeds waliitoa miaka ya 1930. Ni karata za herufi, 52, kila herufi na pointi zake. Hapa anayecheza kwa Kiswahili lazima arekebishe. Q na X hatuna kazi nazo, kwa hiyo zifanye jokeri: zisimame badala ya herufi yoyote. Tatizo kubwa zaidi ni vokali. Maneno yetu yanaishia kwa vokali, na A inahitajika kila upande, ilhali pakiti imepangwa kwa ajili ya Kiingereza. Unganisha pakiti mbili za toleo moja, kisha punguza konsonanti usizozitumia sana. Ikikaa sawa, ni mchezo mzuri mno kwa watoto wanaojifunza kusoma, na ni kati ya pakiti chache za zamani ambazo hata karata mbili zikipotea haifi.

*Hanafuda.* Hizi ni za Kijapani: ndogo, nene, ngumu kama vigae, bila namba yoyote. Muundo ni 12×4: miezi kumi na miwili, kila mwezi na mmea wake, msonobari wa Januari, cheri wa Machi, na kuendelea. Jumla ni 48, idadi ileile ya karata Wareno walizopeleka Japani karne ya 16, wakati uleule walipokuwa wakizunguka pwani yetu. Nintendo ilianzishwa Kyoto mwaka 1889 kutengeneza karata hizi, na bado inazitengeneza. Kuna mchezo wa wawili unaoitwa Koi-Koi na wa Wakorea unaoitwa Go-Stop, na mingine. Jifunze miezi kwanza kwa kuzipanga safu kumi na mbili sakafuni, hakuna njia ya mkato.

Pakiti za mchezo mmoja tu, hata zikiwa maarufu, nakushauri uziache kwanza. Pit ya mwaka 1904, ambayo wachezaji wanapigiana kelele kubadilishana ngano, shayiri na mahindi kama madalali sokoni, inachangamsha sana, lakini haigeuki kuwa kitu kingine.

Hatua ya 3: Tafuta pahali panapostahili

Tuwe wakweli: Afrika Mashariki pakiti hizi si nyingi. Zinazotokea hutokea kwa wauza vitu vya kale wa Mji Mkongwe Zanzibar na Mombasa, kwenye mafungu ya vinyago vya watoto na vitabu katika masoko ya mitumba kama Gikomba, na pale wageni waliokaa muda mrefu wanapohama na kuuza vyombo vya nyumbani. Mwambie mwenye duka unachotafuta, umwachie namba. Wengi wao karata huzitupa pembeni kwa kuziona hazina bei.

Njia yenye mavuno ni ndugu na marafiki walio ughaibuni. Aliye Uingereza apite maduka ya hisani, aulizie rafu ya michezo. Aliye Brussels aende soko la vitu vikuukuu la Place du Jeu de Balle, maana Ubelgiji ni nchi ya karata: mji wa Turnhout umezichapa tangu karne ya 19, una makumbusho ya taifa ya karata, na ndiko iliko kampuni ya Cartamundi. Aliye Madrid aende El Rastro Jumapili asubuhi. Rook inapatikana Marekani, hasa Kentucky, Tennessee na majimbo jirani, ambako bado ni mchezo wa familia na wa makanisani. Mwelekeze ndugu yako kwa maneno machache: jina la pakiti, idadi ya karata, na amri moja, ahesabu kabla ya kulipa.

Ukinunua kwa picha za simu, usiridhike na picha ya sanduku. Omba picha ya ree ya shupaza, ya jokeri, ya mgongo, ya kingo za pakiti ikiwa imefungwa, ya karatasi ya sheria, na moja ya karata zote zikiwa zimetandazwa kwa mpangilio. Muuzaji anayekataa kuzitandaza, mara nyingi anajua kuna kasoro.

Hatua ya 4: Hesabu, halafu hesabu kwa mpangilio

Kuhesabu jumla hakutoshi. Pakiti ya 52 inaweza kuwa na saba mbili za pau na isiwe na tisa ya uru. Zitandaze kwa aina, safu kwa safu, na utaona pengo lenyewe. Kisha zigeuze kifudifudi zote uangalie migongo: karata iliyochomekwa kutoka pakiti nyingine hujulikana kwa rangi iliyopauka tofauti. Mwisho zishike kwa pamoja uangalie ukingo dhidi ya mwanga. Iliyo ndefu kwa unywele inaonekana hapo.

Uzito wa karata iliyopotea unategemea pakiti. Lexicon inavumilia. Rook na taroti hazivumilii, kwa sababu mwenye kumbukumbu nzuri atajua karata fulani haimo. Hanafuda mara nyingi huja na karata tupu ya akiba, ambayo kazi yake ni kuchukua nafasi ya iliyopotea, kwa hiyo iangalie kabla hujakata tamaa. Na usidharau pakiti pungufu ikiuzwa kwa bei ya chini. Pakiti mbili pungufu za toleo moja zinaweza kuzaa moja kamili. Ukifanya hivyo, andika kwenye karatasi ya kumbukumbu ni karata zipi zimetoka wapi, na siku ukiiuza mwambie mnunuzi.

Hatua ya 5: Kadiria umri

Karata nyingi hazina mwaka. Zina ushahidi.

Anza na pembe. Namba na alama ndogo za pembeni zilienea kuanzia miaka ya 1870, na pembe za mviringo zilienea kipindi hichohicho. Karata isiyo na namba pembeni, yenye pembe kali na mgongo mweupe usio na mchoro, huenda ni ya kabla ya hapo, au ni nakala ya kisasa ya hiyo, na hatua inayofuata itakusaidia kutofautisha. Picha zenye vichwa viwili, juu na chini, zilishika nafasi Uingereza na Marekani katikati ya karne ya 19, kabla yake mfalme alisimama kwa miguu yake. Jokeri ni mtoto wa Marekani wa miaka ya 1860, kwa hiyo pakiti yenye jokeri wa asili haiwezi kuwa ya zamani zaidi ya hapo.

Halafu kodi. Serikali ya Uingereza ilitoza karata kodi tangu mwaka 1711, na kwa muda mrefu muhuri wake ulikuwa kwenye ree ya shupaza. Ndiyo maana karata hiyo mpaka leo imepambwa kuliko nyingine zote. Kughushi ree hiyo lilikuwa kosa la kunyongwa: Richard Harding alinyongwa kwa kosa hilo mwaka 1805. Mwaka 1862 kodi ilishuka kuwa peni tatu na ikahamia kwenye karatasi ya kufungia pakiti, na mwaka 1960 ikafutwa. Marekani walibandika stempu kwenye pakiti, na kodi yao ilikoma mwaka 1965. Kwa hiyo stempu iliyochanika juu ya sanduku la karata za Marekani ni hati ya umri. Usiibandue ili sanduku lipendeze.

Vitu vidogo vya kwenye sanduku vinasaidia mno. Anwani ya Marekani yenye namba tano za eneo ni ya mwaka 1963 au baadaye. Msimbo pau haupo kabla ya miaka ya 1970. Maandishi ya Ujerumani Magharibi yanakuweka kati ya 1949 na 1990, na ya Japani iliyokaliwa kijeshi hayavuki 1952. Tumia akili hiyohiyo kwa vitu vya nyumbani: pakiti ikitokea na nembo ya East African Airways, shirika hilo lilifanya kazi kati ya 1946 na 1977, basi.

Hatua ya 6: Tambua nakala

Kuna viwanda vinavyochapa upya karata za kale, na vingi vinafanya hivyo kwa uwazi. Shida ni mkono wa tatu au wa nne, sanduku likishapotea. Nunua kioo cha kukuzia chenye nguvu ya mara kumi. Itazame picha ya mfalme. Ukiona vitone vidogo vya rangi vilivyojipanga kwa mistari, imechapwa kwa mtambo wa picha, na haiwezi kuwa ya mwaka 1820. Karata za zama hizo zilichapwa kwa kibao cha mbao kisha zikapakwa rangi kwa kiolezo, hivyo rangi huvuka mstari hapa na kukosa pale, na haifanani kabisa karata kwa karata. Kingo nazo zinasema: karata ya kale ni karatasi kadhaa zilizogandishwa kwa gundi, na ukiikagua pembeni tabaka zinaonekana.

Utasikia pia habari za karata za chapa ya Bicycle ya Marekani za Vita Kuu ya Pili, zilizofichwa ramani ndani yake kwa ajili ya wafungwa wa kivita kutoroka, zikiloweshwa zinaachana na ramani inaonekana. Zilikuwapo kweli, lakini zilizosalia ni chache mno. Usimwage maji juu ya pakiti nzuri ya miaka ya 1940 kwa tumaini hilo.

Hatua ya 7: Safisha kidogo, hifadhi vizuri

Maji hayagusi karata ya karatasi. Pangusa vumbi kwa brashi laini ya kupakia rangi, kutoka katikati kwenda nje. Uchafu wa vidole kwenye pambizo nyeupe sugua taratibu kwa kifutio cheupe laini, ukijaribu kwanza kwenye karata isiyo muhimu. Za plastiki, kama Kem zilizoanza miaka ya 1930, zinafutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na kukaushwa mara moja.

Adui wa kwanza pwani ni unyevu, wa pili wadudu. Pakiti ikiingia nyumbani na dalili za wadudu, ifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, iweke kwenye friza wiki mbili. Ukiitoa, iache imefungwa mpaka ipate joto la chumba, vinginevyo umande utaiganda. Baada ya hapo itunze ndani ya sanduku lake la asili, na sanduku ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Vibadilishe kila masika. Usiweke mchele: unaacha unga na unaita wadudu. Usifunge kwa mpira: joto linauyeyusha na unaacha kovu la kahawia lisilotoka. Usiweke chombo chini sakafuni wala ukutani upande wa jua.

Hatua ya 8: Zirudishe mezani

Karatasi ya sheria mara nyingi ndiyo ya kwanza kupotea. Ikiwapo, ipige picha na uifanyie kazi nakala, ile ya asili ibaki sandukuni. Ikikosekana, tafuta sheria za toleo lilelile, maana Rook ya miaka ya mwanzo na ya miaka ya 1960 zina tofauti. Kisha andika kwa Kiswahili, kwa mkono wako, kadi ndogo moja ya kila pakiti: muundo wake (4×14+1), pointi zake, michezo mitatu inayobeba, na jinsi ya kuigeuza kuwa 52. Tumia maneno ya barazani, turufu, kula, kukata, kuchanga, ili mgeni yeyote aisome na kuanza. Kadi hiyo iwe karatasi isiyo na asidi ikiwezekana, au ikae nje ya sanduku.

Chagua nini kichezwe na nini kisichezwe. Pakiti yenye karata laini bado, ya miaka ya 1950 kuja juu, inavumilia jioni nyingi kama mikono ni mikavu na hakuna chai wala korosho juu ya meza. Tandika kitambaa, kwa sababu kuvuta karata juu ya mbao kunakula kingo. Changa kwa kuzichomeka pole pole, usizipinde. Za karne ya 19 zicheze mara chache, na wachezaji waliokwisha kuzoea, au nunua nakala ya kisasa ya kuchezea na ile ya kale iwe ya kulinganisha.

Na ukishapata pakiti ya pili ya kitu ulicho nacho, ibadilishe. Kuna chama cha kimataifa cha wapenzi wa karata, International Playing-Card Society, kilichoanzishwa mwaka 1972, ambacho wanachama wake wanaandikiana, wanachapisha utafiti na kubadilishana. Karata zilizochezwa Afrika Mashariki, hata za bei nafuu za madukani zilizoingia kutoka India na China, nyingi hazina kumbukumbu popote. Zitunze nazo, sanduku likiwa zima, ukiandika umenunua duka gani, mji gani, mwaka gani na kwa shilingi ngapi. Mtu wa Turnhout anayetafuta hizo atakupa Tarock kwa furaha.